Kaseti Isiyo na Mlio wa Stovu

Mume wangu alipokwenda Uarabuni kuendesha lori la maji, tulikubaliana kupashana habari kwa kaseti. Nyumba nyingi za Kisauni zilifanya hivyo miaka ile. Barua humtaka mtu akae kitako, na mimi nafasi hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa nikikaanga viazi vya karai na bajia, nikiuza barazani baada ya alasiri. Kwa hivyo niliiweka redio ya kaseti juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na jiko, nikazungumza huku nageuza viazi.

Mambo ya kusema niliyaandika kwanza kwenye daftari, moja chini ya jingine, ili utepe usiishe kabla ya habari. Shule niliiachia darasa la saba, lakini kupanga mambo sikuacha. Upande wa pili wa kaseti ulikuwa wa mavyaa wangu, mama yake mume wangu, peke yake, kwa kuwa hakupenda kukatizwa.

Stovu yetu ilikuwa ya pampu, na ilinguruma. Tuliizoea hata hatukuisikia tena.

Mwaka wa 1990 vita vilipofumka kule Ghuba, mafuta ya taa yalipanda bei hapa mtaani kwetu Mjambere kabla wengi wetu hatujajua Kuwait iko upande gani. Mwenye duka alitupimia kwa chupa ya soda. Kila nilipokwenda, chupa ilikuwa ileile na bei ilikuwa nyingine.

"Yamepanda tena?" nilimwuliza.

"Yamepanda, dada. Na hayafanani na mkwezi. Mkwezi akipanda, hushuka."

Mwezi haukwisha nikaifunga stovu katika gunia, nikapanga mafiga matatu uani. Kuni nzuri kama za mkarafuu hatuna huku. Tulizopata ni za mwembe, mbichi nusu. Bajia zikanuka moshi. Wateja walikuwa na adabu ya kutosema, ila wengine walianza kupita upande wa pili wa njia. Mavyaa alianza kukohoa.

Mkataba wa mume wangu ulikuwa umebakiza miezi minane. Akiuvunja, nauli ya kurudi ingekuwa juu yake mwenyewe, na malipo ya mwisho angeyakosa. Malipo hayo ndiyo yaliyokuwa mabati yetu. Kuta za nyumba zilikwisha simama, juu palikuwa wazi, na sisi tulikuwa bado tunapanga nyumba ya watu. Nami nilimjua mume wangu: shida yangu angeivumilia kwa dua, ya mama yake asingeivumilia hata wiki.

"Mume aliye mbali hapelekewi moshi," mavyaa aliniambia. "Mwambie tu wazima, alhamdulillahi."

Nikasema hivyo. Niliisikiliza kaseti yote kabla ya kumpa msafiri, na sikuona neno la kututoa siri.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Alianza kwa salamu zake ndefu, kisha akamwamkia mama yake.

"Mke wangu, kaseti yenu nimeisikiliza mara tatu. Stovu iko wapi? Na mama amekohoa mara kumi na moja. Nimehesabu."

Mavyaa alinitazama. "Hesabu hiyo ameipata kwako," alisema.

Sauti ikaendelea. Alikuwa amekwenda kwa msimamizi kuuliza habari ya kuondoka. Lakini jioni hiyo wenzake wa chumbani walimwuliza kwa nini anarudiarudia kaseti moja, akawaeleza. Walikuwa watatu. Msudani akasema kwao watu wanapanga foleni ya mkate, kwa sababu malori ya unga hayana dizeli. Mfilipino akasema baba yake ameiacha mashine ya boti nyumbani na kurudia makasia, naye ana miaka sitini. Wa tatu alikuwa Mmalabari kutoka India. Mke wake pia alikuwa ameacha mafuta ya taa, lakini alikuwa akipikia vumbi la mbao.

Nilipolisikia hilo niliirudisha kaseti nyuma, nikachukua kalamu. Mmalabari alieleza kwa Kiarabu chake cha kubahatisha, mume wangu akageuza kwa Kiswahili. Chukua debe, toboa tundu ubavuni, chini. Ingiza fimbo kwenye tundu, simamisha chupa katikati ikutane nayo. Shindilia vumbi la mbao pande zote. Chomoa chupa, chomoa fimbo, washa kwa chini.

"Nakupa nafasi ya kaseti moja," mume wangu alimaliza. "Mama akikohoa tena, mimi narudi, na mabati Mungu atajua."

Vumbi halikuwa na taabu; maseremala wa karibu walikuwa wakilitupa. Debe la kwanza liliporomoka nilipochomoa chupa. La pili lilisimama, likafuka moshi kuliko kuni.

"Huyo Mmalabari ana ugomvi na sisi?" mavyaa aliuliza, kanga puani.

Nilirudi kwenye daftari nikasoma mstari kwa mstari. Kosa halikuwa katika maelezo. Maseremala wetu walikuwa wakipasulia mbao nje, na vumbi lilikuwa limelowa mvua. Nililianika juani siku tatu. Debe la tatu nililishindilia kwa mchi wa kinu. Lilifuka kidogo, kisha likatulia, likawaka kwa ndani bila moshi tangu adhuhuri mpaka bajia za mwisho.

Jiko hilo lilikuwa na ila moja tu: halikuwa na sauti. Jinsi ya kumthibitishia mtu wa mbali kwa kaseti kitu kisicholia, sikuipata katika daftari. Mwishowe niliiweka redio karibu na karai, nikatia viazi, nikanyamaza. Mafuta yakachachatika. Mavyaa naye alikaa pembeni bila neno, akizungusha tasbihi, muda mrefu kuliko nilivyopata kumwona amenyamaza. Mwisho akaisogelea redio.

"Umesikia? Hicho ndicho kifua changu."

Kaseti iliyofuata mume wangu alisema amempelekea msimamizi neno kwamba haondoki. Chumba kizima kilikuwa kimesikiliza viazi vyangu. Msudani alisema amepata njaa. Mfilipino aliomba ipigwe tena. Mmalabari aliinamisha sikio, akafikiri, kisha akatoa hukumu, nami niliifuata tangu siku ile.

"Mwambie shemeji mafuta yake ya kukaangia yana moto mno. Azibe tundu la chini kwa kigae, nusu, moto utapungua."