Kifuniko na Pua ya Tangi

Mkunga aliyempokea aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba mtoto yule, alipotoka tu, aligeuka nyuma kutafuta mlango aufunge. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipokua akaitwa Kifuniko. Alifunika hata masufuria matupu. Madirisha ya nyumbani aliyafunga kwenye joto kali, mkewe akawa analala kama mkate ulio tanurini. Akiona mtu anapiga miayo, mkono ulimwasha.

Mtu wa namna hiyo ukimpa stoo, umempa ufalme. Yeye stoo alipewa na shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwenye karakana ya kuchanganya rangi za nyumba. Funguo zote alizikaza kwa waya kwenye mkanda wa suruali, akawa anasikika kabla hajaonekana. Nyuma ya stoo lilisimama tangi la thina, ile ya kuzimulia rangi, inayoshika moto hata ukiitazama kwa hasira tu. Na juu ya tangi kulikuwa na bomba jembamba lililoachwa wazi, ambalo mafundi waliliita pua. Kitu kilicho wazi mchana na usiku, tena ndani ya himaya yake. Kilimla moyo.

Mkaguzi wa zimamoto, binti mwembamba mwenye buti kubwa kumshinda, alipokuja mara ya kwanza alikuta pua ni fupi, inapuliza mvuke wake palepale fundi anapochomelea vyuma. Akamweleza Kifuniko polepole, kama anavyoelezwa mtu mzima asiyependa kuelezwa. Thina ikijazwa, mvuke unatoka. Ikivutwa, hewa inaingia. Kwa hiyo bomba lipande kupita paa, likae mbali na madirisha na cheche, mdomoni liwe na wavu wa kuzuia moto, na lisizibwe kamwe, maana tangi lazima lipumue. Atarudi, na akikuta kasoro anafunga karakana. Shemeji naye akatia lake mbele ya mafundi wote: siku nikifungiwa, shemeji yangu, funguo utaniachia hapa hapa.

Bomba likapandishwa, wavu ukawekwa. Lakini lile neno "lipumue" lilimkaa Kifuniko kooni. Nyumbani alicheka mpaka chai ikampalia. Chuma kinapumua? Kesho wataambiwa ndoo ina mafua. Mkewe alikuwa anajipepea, jasho linamtiririka kwa hisani ya yale madirisha.

"Bora tangi," akasema, "limepata wa kulitetea."

Siku ya ukaguzi wa pili jua lilichachamaa na harufu ya thina ikatanda uani. Kifuniko akaona haya. Mgeni anakuja, nyumba inanuka! Atasema stoo ni chafu, na funguo ndiyo basi tena. Akapanda ngazi na bisibisi, akafungua wavu, akashindilia puani taulo la manjano la mkewe, akarudisha wavu, akashuka anajipongeza. Harufu ilikatika kweli.

Binti alifika, akatazama juu, akaridhika na urefu, akaridhika na wavu. Akanusa. Akasema leo hata hainuki, mzee wangu. Kifuniko akajibu kwamba ni usafi tu, mwanangu, na tumbo lake likatangulia mbele kwa fahari.

Kisha binti akataka kuona mapipa yanavyojazwa thina kutoka tangini kama siku zote. Pampu ikawashwa. Pipa la kwanza likajaa vizuri. La pili, pampu ikaanza kulia kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Hapo Kifuniko alilikumbuka taulo. Neno moja lilitosha: zimeni, nimeziba. Lilimfika ulimini kabisa. Ila shemeji alikuwa amesimama, mikono kiunoni, macho yake yako kwenye zile funguo. Kifuniko akalimeza neno, akasema pampu ina kikohozi, itapona.

Tangi likasema "mh", kama mama mkwe aliyeona jambo. Mbavu zikaingia ndani taratibu, mithili ya mashavu ya bibi kibogoyo anayenyonya pipi. Halafu likajikunja lote kwa kishindo. Paka wa mtaa mzima walihama, na mmoja mpaka leo anaishi kwa watu wengine na amebadilisha jina.

Binti akazima pampu, akawatoa wote nje. Alipohakikisha hakuna kinachovuja, akapanda ngazi, akafungua wavu na kuvuta. Taulo likatoka, likazidi kutoka.

"Hilo nilimnunulia mdogo wangu," shemeji akasema.

"Labda ni upepo, shemeji."

"Upepo. Ukaja na bisibisi, ukafungua wavu, ukafunga tena."

Karakana ikafungwa papo hapo, mpaka litakapopatikana tangi jingine. Shemeji akanyoosha kiganja. Kifuniko akahangaika na waya, waya ukagoma, kwa jinsi alivyoukaza. Ikabidi mkanda ukatwe. Akaenda nyumbani mchana kweupe, ameshika suruali kwa mikono miwili, na kila aliyemsalimia alitaka kumpa mkono.

Siku hizi karakana imefunguliwa, na funguo anazo mkewe. Kifuniko huosha mapipa uani, penye upepo. Akihitaji sabuni anabisha hodi stoo. Mara nyingine mkewe humsikia. Mara nyingine anakuwa amesinzia zake, madirisha wazi, na hakuna fundi anayethubutu kumwamsha.