Ukuta Ambao Sikuugonga

Asubuhi ile, mjini Khartoum, tulikuwa tunakwangua rangi ya zamani kwenye ngazi. Nyumba ilikuwa ya Mwingereza mmoja aliyefanya kazi huko enzi za ukoloni: ghorofa tatu nyembamba za matofali, madirisha marefu, na dohani, mnara wa kutolea moshi, uliopanda kutoka sebuleni hadi juu ya paa. Katika joto lile, mtu alijijengea mahali pa kuotea moto! Nadhani alikuwa anakumbuka kwao tu.

Msimamizi wa ukarabati nilikuwa mimi. Nimezaliwa Handeni, nikajisomesha kwa kuuza machungwa Segera mpaka nikapata stashahada ya ujenzi. Sijabebwa na mtu. Wahandisi wa mji ule walinipigia simu kuniuliza habari za kuta za zamani, na hilo silifichi.

Fundi wangu alikuwa Mzee Shemdoe, Msambaa wa Dindira. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na nyundo ndogo, na kila ukuta aliugonga kwanza, ametega sikio.

"Mzigua," aliniambia asubuhi ile, "dohani hii imekufa. Chokaa imegeuka unga. Tuibomoe."

"Nyumba zenu za Dindira zinateremka mlima kila masika, leo unanifundisha mimi dohani?"

Akacheka. Wazigua na Wasambaa ni watani. Kila siku nilimpa shikamoo yake, kisha matusi yakafuata.

Kabla ya adhuhuri vita vikazuka mjini, mizinga ikaanza.

Siku tatu tulijifungia ndani, tukila tende na mkate mkavu. Siku ya nne makombora yakahamia mtaa wetu. Mzee akajibana chini ya ngazi, na birika lake la chai. Mimi nikaketi pale pa kuotea moto, chini ya dohani, mgongo kwenye ukuta mnene kuliko yote.

"Toka hapo, mwanangu."

"Unene wa ukuta huu nimeupima mwenyewe, Mzee. Nimeusomea."

"Hukuugonga."

Sikutoka.

Kombora likaanguka uani. Juu yangu kitu kikakwaruza, kama gunia la mahindi linaloburutwa.

Mkono ukanishika ukosi, ukanitupa sakafuni.

Dohani ikashuka yote.

Nilichimba kwa mikono hadi jioni. Kuta zilisimama, ngazi ilisimama. Chini ya ngazi, birika lilikuwa wima, chai imo.

Tulimzika Mzee uani, mimi na majirani wawili.

Leo nina nyumba Kilole, hapa Korogwe, niliyoichora na kuijenga mwenyewe. Watu husimama barabarani kuitazama. Lakini niliporudi kutoka Khartoum, kabla ya kuchimba msingi wake, nilipanda Dindira, kwenye matanga ya Mzee. Kwetu, mtani akifika msibani hutania, waliofiwa wapate kupumua. Wote wakanigeukia, wakiningoja.

"Mzigua," mjane akaanza, "mwenzako umemwacha wapi?"

"Nimemuua, mama. Aliniambia ukuta mbovu, nikamwonyesha cheti."

Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja akajipiga pajani. "Wazigua! Hata aibu hawana!"

Nikarudia, neno kwa neno. Wakacheka zaidi.

Nikatoa ile nyundo mfukoni. Mjane akaipokea, akapitisha kidole kwenye mpini uliochubuka. Yeye peke yake hakucheka.