Kipenyo cha Risasi ya Shemeji

Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea mwisho. Jumamosi moja dada yangu Zaina alikuwa akimenya ndizi mbichi jikoni kwake, mtaa wa Bordesley Green, Birmingham. Alizinunua kwa Mhindi wa Kampala, mkimbizi mwenzetu, aliyetuuzia kwa bei ya dhahabu huku akitupa pole. Mumewe, Abdu, alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, akaketi na swali lake la mwaka mzima: anayeanza kulenga shabaha ya mbali anunue bunduki ya kipenyo gani?

Mimi nilikuwa na shahada ya uchumi na sikuwahi kuua hata panya. Kwa hiyo nikawa mshauri.

"Chukua milimita sita," nilimwambia. "Haipigi teke sana. Bunduki ikikuumiza bega utaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haikutoki tena."

"Shemeji, hiyo ni ya kuwindia sungura. Nataka saba nukta sita mbili. Risasi nzito haisukumwi ovyo na upepo, na kwenye klabu yetu ya shabaha wote wanaitumia."

"Na bega?"

"Bega langu linabeba milango ya magari kutwa. Lako linabeba kalamu."

Zaina hakucheka. Alijua klabu ile haikuwa mchezo. Wakimbizi wa Uganda walikuwa wakijiandaa kurudi na silaha kumng'oa dikteta, na Abdu alikwisha kuamua. Zaina alimkubalia kwa sharti moja: awe mlengaji wa mbali, mtu wa nyuma.

"Huko mbele waende wasio na wake," alisema.

Abdu akanunua saba nukta sita mbili. Majira ya baridi yote alilala kifudifudi kwenye matope ya klabu, akijifunza kuusoma upepo kwa kutazama nyasi. Akawa hodari kweli.

Vita vilipoanza tulikwenda sote wawili. Bunduki yake ilibaki Birmingham, imefungiwa klabuni. Kambini, mpakani, alimweleza afande habari za umbali, upepo na kipenyo. Afande, Mtanzania mpole, alimsikiliza hadi mwisho.

"Vizuri sana, ndugu. Sasa shika hii."

Ilikuwa bunduki fupi ya kila mtu. Kipenyo chake nacho kilikuwa saba nukta sita mbili, ila risasi yake ilikuwa fupi, haiwezi masafa yale. Abdu alicheka hadi akakohoa.

Mji wa kwanza tuliuingia asubuhi. Tuliambiwa adui ameshakimbia.

Tukapewa kazi ya kukagua maduka.

Wenzetu walivunja milango kwa mateke. Abdu alisimama mbele ya mlango uliofungwa, bunduki begani.

"Hodi!"

Akagonga kwa vidole.

"Hodi wenyewe!"

Risasi zilitoboa ubao kutoka ndani.

Mama yake alimchapa utotoni kwa kuingia kwa watu bila kubisha. Birmingham haikumwondolea hilo, wala mafunzo ya vita.

Nilirudi peke yangu. Zaina aliuliza jambo moja tu: risasi ilitoka umbali gani?

"Unene wa mlango," nilisema.

Akauliza tena: "Basi mwaka mzima mlikuwa mnabishana nini jikoni kwangu?"

Dikteta alikimbia, hilo tulilipata. Waliomfuata walianza kugombania kiti chake kabla makaburi hayajaota majani. Watu huniuliza kama vita vile vilistahili. Nawaambia wamuulize Zaina. Mimi nilirudi.