Mlango wenye Makomeo Mawili

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mfasiri katika idara ndogo ya serikali hapa Maskati, na kazi niliyoichukia kuliko zote ilikuwa kutembeza wageni. Mgeni ana picha za kupiga, tumbo la kuuguza na maswali ya ngamia. Lakini mwaka ule walikuja wanawake wawili walionipunguzia ukali. Mmoja Mfaransa, mmoja Mjerumani. Kwao kunapakana, mto tu ndio unaowatenga, na kazi yao ilikuwa kuzifanya wilaya za ng'ambo hii na ng'ambo ile zisaidiane. Wakubwa wetu waliwaita waje wazungumze, kwa sababu na sisi tuna majirani.

Itifaki yetu iliharibu siku ile ile ya kwanza. Watu wa nchi mbili, basi magari mawili, hoteli mbili, na mezani wakakalishwa wanatazamana, kila mmoja na kibendera chake, kama mahasimu waliokuja kusuluhishwa. Kumbe wenyewe wametumia ofisi moja miaka na miaka, na birika moja la chai. Yule Mjerumani alinyanyuka, akachukua kibendera chake, akaenda kukaa ubavuni mwa mwenzake. Nilicheka mbele ya mkuu wangu, na sikujuta.

Walichokuja kueleza hakikuwa siasa. Walieleza habari za mipira ya zimamoto. Moto ukiwaka ukingoni mwa mto, mara nyingi gari la ng'ambo ndilo lililo karibu, lakini likifika mipira haishikani, kwa kuwa kila nchi ina vichwa vya mipira vya namna yake. Ikabidi wachongeshe pete za chuma za kuunganishia. Pete zilipatikana upesi. Kilichochukua miaka ni ruhusa ya gari kuvuka daraja. Mwisho wakakubaliana kwamba aliye karibu aende, ruhusa itafuata nyuma. Niliyafasiri maneno hayo kwa Kiarabu kwa bidii zangu zote, na mkuu wangu hakuandika kitu.

Ijumaa nikawaleta nyumbani, Bausher, kula biriani. Mama hakujua Kiingereza, kwa hivyo nikawa nafasiri tena, safari hii bure. Walipokwisha kula akawatoa uani kuwaonesha ukuta. Nilitamani ardhi inimeze.

Nyuma ya ukuta ule ni kwa mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja. Unguja, walikokulia, walizoea nyumba zenye mlango wa ndani baina ya jirani na jirani, mwanamke akapita kwa mwenziwe bila ya kuvaa buibui. Hapa, ili mmoja amfikie mwengine, lazima apatikane mtu wa kumpeleka kwa gari kuuzunguka mtaa mzima, maana hawakujua kuendesha, na magoti ya wote wawili yalikuwa yamekwisha. Mama mkubwa alikuwa na presha, na mumewe akishinda dukani. Mama alikuwa akiogopa kwamba siku moja dada yake ataanguka peke yake, na alikuwa ameomba mlango utobolewe tangu tuhamie. Baba na mume wa mama mkubwa ni wanyumba, yaani wameoa ndugu, na wakipendana kwa mbali. Kila mmoja alisema ukuta ni wake.

"Hebu waulize," mama akaniambia, "hilo daraja la kwao, nani mwenyewe?"

Nikauliza. Wakatazamana, wakacheka. Mfaransa akasema waligombana sana juu ya hilo, kisha wakachoka, na sasa hakuna anayeuliza.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mama akasema, na jioni ile baba hakupata raha. "Nnataka mlango, bwana. Wazungu waliouana vita viwili leo wanavukiana. Wewe na mwanyumba wako mna nini?"

Mlango ukatobolewa. Geti dogo la chuma lilitengenezwa kwa mafundi wa mtaa wa Ghala, likapakwa rangi ya kijani. Baba akatia komeo upande wetu, kwa usalama. Mwanyumba wake akatia komeo upande wake, kwa usalama vilevile. Wakapeana mikono. Mlango unaotaka watu wawili ndipo ufunguke si mlango, ni mkutano, lakini nilinyamaza, maana mama alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake. Kila asubuhi wakipigiana simu, "Njoo, nshafungua," na mama akavuka na bakuli la uji limefunikwa kwa kawa. Wakakaa miaka hivyo.

Asubuhi moja simu ililia na haikupokelewa. Mama akaenda kwenye geti, akafungua komeo letu, akasukuma. Akagonga kwa kiganja, akaita, akagonga tena. Baba alikuwa ametoka na gari, mimi niko kazini. Mama akajitanda kanga, akatoka barabarani kwa miguu, akauzunguka mtaa mzima juani na magoti yake yale. Mlango wa mbele wa kule ulikuwa wazi. Alimkuta dada yake chini jikoni, hatua chache kutoka kwenye geti letu, kiharusi kimeshampiga.

Mama mkubwa alipona nusu. Maneno yalimrudia taratibu, wiki baada ya wiki, na siku yalipomnyooka alimshika mama mkono kwa ule wake mzima.

"N'likusikia," akasema. "Ulipokuwa unagonga. Nnakusikia, na mkono hauji."

Mama aliondoka pale, akaniambia nimletee fundi, na alasiri ile ile nikamchukua mmoja kutoka mtaa wa Wadi Kabir na mashine yake ya kukatia chuma. Alikwisha kulikata komeo letu na yuko kwenye la upande wa pili baba alipoingia akakuta cheche.

"Ungenambia kwanza," baba akasema. "Na mwenziwangu ana khabari?"

"Ukuta wenu," mama akamwambia, "kaeni nao. Mlango wetu sisi."

Fundi akazima mashine, akanitazama. Nikamwashiria aendelee.