Mzungu Aliyesahau Sebene

Yule mzungu wa Ayalandi alikuja Durban kufuata mwanamke. Mwanamke akamwacha, gitaa likabaki. Akapanga chumba juu ya saluni yangu pale Point, na mchana anashuka kuimba nyimbo anazotunga mwenyewe. Huzuni tupu. Wateja wangu walilia mpaka nywele zikalowa, mashine haikati. Mmoja nilimnyoa nyusi zote mbili sababu ya machozi yangu, na hakugombana, naye alikuwa analia.

Miaka mitatu aliimba kwenye baa, watu wanakula samaki, hakuna anayegeuka. Akaniambia basi, kaka yake amemtumia tiketi ya Jumapili, anarudi kuchunga kondoo. Muziki ameacha.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari yake, tulikuwa na arusi ya Wakongomani wenzangu kule Queensburgh, na mimi niko kwenye kamati. Orkestra tuliyongojea toka Johannesburg, gari yao ikafia njiani. Watu elfu mbili wamekaa, labda mia mbili, wali unapoa, mama wa bibi arusi ananiangalia kama gari nimeharibu mimi. Nikampigia mzungu. Nikamwambia kuja, wakikukataa na hawa, kesho panda ndege, sitakuzuia.

Akaja na taxi, jasho mpaka kwenye viatu. Akaimba wimbo aliomtungia mama yake, polepole, watu wamekaa wanasikiliza. Alipomaliza, watu wote wakasimama. Wamama wanakaza vitenge kiunoni, wababa wanavua makoti. Mzungu akasema asante, akaanza kurudisha gitaa kwenye mfuko. Macho mekundu. Alifikiri wanaondoka.

Hakujua, masikini. Kwetu wimbo unausikiliza umekaa, halafu inakuja sebene: maneno yanaisha, gitaa linakimbia, watu wanacheza. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama kungojea sebene.

Mama wa bibi arusi akanivuta shati. "Papa, mwambie huyo mtoto aendelee. Tusimame mpaka saa ngapi?"

Nikamfuata mbele. Akaniambia wimbo umeisha.

"Kwako umeisha," nikamwambia. "Kwetu ndiyo unaanza. Piga ile ya mbio ya kwenu, unayopigaga ukisahau huzuni."

Nikachukua chupa ya soda na kijiko, nikaanza kugonga. Naye akapiga. Ndugu yangu, vidole havikuonekana tena, nyuzi zilitoa moshi. Wazee wa magoti mabovu walicheza. Bibi arusi alipoteza viatu, bwana arusi alipoteza bibi arusi. Sebene moja, dakika arobaini.

Alipopumzika, mama wa bibi arusi akamwendea akamwambia asisafiri, iko binti yake mwingine wa kuolewa, aje apige na arusi hiyo. Huyo binti hata mchumba hana. Mzungu hakuuliza hilo. Aliuliza tarehe.

Ndege ikaenda bila yeye. Sasa Jumamosi zake zimejaa mpaka mwaka kesho, na juzi alijaza teatro ya mjini, foleni ikafika robot ya pili, zile taa za barabarani. Akaimba ule wa mama yake. Maneno yalipoisha, watu wa huko wakabaki wamekaa, wanapiga makofi tu. Nikasimama mimi kwanza.