Sajini na Dege la Jeshi

Mwanamke huyu alistaafu jeshini akiwa sajini, na cheo kikamganda hadi uraiani. Majirani walimwita Sajini, mafundi wenzake Sajini, hata marehemu mumewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimwambia, "Sajini, chai inapoa." Kwa miaka ishirini na miwili alifungua na kufunga injini za madege ya uchukuzi, yale yenye tumbo pana na mlango wa nyuma unaoshuka hadi chini, gari likapanda. Mikono yake ilikuwa na makovu ya kuungua, sikio la kushoto lilikuwa zito. Alikuwa mwepesi wa hasira na hakuona kwa nini afiche.

Alipotoka jeshini, shemeji yake, mume wa mdogo wake, alimpa ufundi mkuu katika kampuni yake ya kusafirisha mizigo. Kampuni ilikuwa na ndege mbili tu. Zote zilianza maisha zikibeba abiria, zikazeeka, zikang'olewa viti na kutobolewa mlango mpana ubavuni. Hazikuwa na sura ya kutambia watu, lakini zilipaa kila siku, na vipuri vyake ukiagiza Jumatatu, Jumatano viko mezani.

Asubuhi moja shemeji alimwita ofisini, akamgeuzia kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na picha ya dege la jeshi la injini nne, rangi ya majani makavu.

"Unalijua hili?"

"Nimelala chini ya mabawa yake zaidi kuliko nilivyolala kwangu."

"Basi nauza zile mbili, nachukua hili moja. Linabeba mara nne ya zote."

Sajini alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Shemeji, nisikilize. Hili lilijengwa lipakie kifaru na litue kwenye kokoto. Ndiyo maana sakafu yake ni nzito vile na matairi ni utitiri. Wewe hubebi vifaru, unabeba mashati na dawa. Utauzungusha uzito ule angani bure, na injini nne zinakunywa mafuta. Jeshini hakuna aliyeuliza limekunywa kiasi gani. Waliuliza limefika au halijafika. Mteja wako atauliza."

"Tutabana matumizi."

"Na cheti? Hili kiwandani halikuombewa cheti cha kiraia. Watu wa mamlaka ya anga watataka lipimwe upya kama limezaliwa leo. Vipuri viko maghala ya jeshi, na jeshi halina duka. Kampuni kubwa zote unadhani hazikuliona? Zililiona, zikapita zao."

Shemeji akacheka, akamgonga begani kama mtoto. "Shemeji, wewe ni mtu wa spana. Biashara niachie mwenyewe."

Alirudi karakana akiwa amefura. "Sikio la kufa," aliwaambia mafundi wake kumi na mmoja, akaacha sentensi hapo. Walijua mwisho wake.

Zile ndege mbili ziliondoka, dege likaja. Siku lilipotua watu walijaa uzioni na simu juu. Sajini alisikia muungurumo wake, na kifua kikamjaa kama kilivyomjaa alipokuwa kijana wa sare. Alilipenda dege lile. Na kwa kuwa alilipenda, lilimuuma zaidi kuliona limeletwa mahali ambapo halina kazi.

Mkaguzi wa mamlaka ya anga alikuwa mwanamama mpole mwenye faili jembamba. Alilizunguka mara moja, akauliza cheti cha kiraia kiko wapi. Hakikuwepo. Akafunga faili.

Kesho yake shemeji alimtandikia Sajini barua mezani. Ilisema kwamba yeye, fundi mkuu, amelikagua dege kwa viwango vya kiraia na limevifikia vyote.

"Saini tu hapo chini."

"Sijalikagua hivyo. Sina hata vitabu vya kulikagulia hivyo."

"Ni karatasi tu, shemeji."

"Karatasi ndiyo wanayoanza kuitafuta ndege ikianguka. Sisaini."

Jioni mdogo wake alimfuata nyumbani, akakaa ukingoni mwa kochi.

"Dada, ukoo wetu wote umeegemea kampuni ile. Jishushe kidogo."

"Nijishushe mpaka wapi? Mpaka niwaue marubani? Umetumwa, sikulaumu. Lakini kamwambie mumeo kwamba kunituma wewe ni uoga."

Mdogo wake alilia. Sajini hakumbembeleza, na hilo lilimsumbua baadaye.

Alifukuzwa wiki iliyofuata. Akapatikana fundi mwingine wa kusaini. Mkaguzi alisoma barua yake hadi mwisho, akaikataa. Dege likasukumwa pembeni mwa uwanja, matairi yakaishiwa upepo moja baada ya jingine, na mafundi kumi na mmoja wakaambiwa wakapumzike makwao, maneno matamu ya kufukuzia watu.

Ukoo ulipokutana, shemeji alisema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Shemeji angesaini mapema, tusingefika hapa."

Sajini alisimama. "Nilikwambia ukiwa bado na ndege mbili zinazoruka. Ukanigonga begani. Watu kumi na mmoja wako nyumbani kwa sababu ulitaka kitu kikubwa cha kupigia picha, na leo unatafuta mwanamke wa kumtwisha."

Mjomba mmoja alijikuta ana kikohozi.

Sasa anafundisha injini katika chuo cha ufundi, na saba kati ya wale kumi na mmoja amewatafutia kazi kwa kupiga hodi karakana kwa karakana. Mwezi uliopita shemeji alifika kwake peke yake, amekonda, akaomba radhi. Sajini alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea kikombe.

"Radhi nimeisikia. Hasira bado ninayo. Kunywa chai, ila usinichekee."

Shemeji akanywa.