Mguu Uliofungwa Bendeji Bure

Siku hizi mjukuu wangu ananisimamishia simu mbele ya uso, daktari aliye Nairobi anaangalia ulimi wangu, ananiambia meza hiki, acha kile, kisha anapotea. Watu wa nyumba wanapiga makofi kama wameona muujiza. Mimi sipigi. Daktari wa mbali nilimjua miaka ya tisini, mjukuu huyo akiwa bado hajazaliwa. Na niliona pia jinsi watu wenye adabu zao walivyomfanya kipofu.

Mama yangu mzazi aliwekwa katika nyumba ya wazee ya kanisa, upande wa Ndhiwa. Nasema aliwekwa kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kaka zangu walikuwa Nairobi, na mimi nimeolewa Migori. Kwetu Wajaluo, mama hahamii boma la mume wa binti yake. Mkwe akitokea, mama anavuta kitambaa kichwani na kupita pembeni. Hawali pamoja, hawagusani, na habari za mwili wa mama haziwezi kutajwa mbele yake. Mama kufia kwa mkwe, hilo hata kwa mzaha hulisemi.

Kaka yangu mkubwa alilalamika kwamba watu wanasema tumemtupa mama.

"Basi mchukue," nikamwambia.

"Mke wangu ana pumu."

Pumu ya kuosha wazee! Sikuwahi kusikia ikimshika mtu mbele ya sahani ya kuku.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, vitanda vya chuma vimepangwa huku na huku, wanawake upande mmoja na wanaume mwingine, pazia katikati. Mhudumu alikuwa mjane wa kutoka kwetu, mama mwenye mikono mizuri na mdomo mwoga. Daktari hakuwepo. Zamani mzee akizidiwa, walimlaza nyuma ya pikapu na kumpeleka Homa Bay kwa barabara ile ya murram, isiyo na lami. Nilimwona mzee mmoja akienda hivyo, ameketi, anaomba tumbaku. Alirudi na pikapu ileile, amefunikwa shuka mpaka usoni, vumbi jekundu juu yake kama unga. Mama yangu alimwona pia. Tangu hapo alikuwa akisema, "Mimi mkiniona nimeshindwa, niacheni kitandani. Msinipeleke nikafe barabarani kama mbuzi wa soko."

Ndipo kanisa likaleta redio ya upepo, ile ya kuongea na kujibiwa, inayokula betri ya gari, na kila ukimaliza kusema unatamka "ova" ili mwenzako ajibu. Kila asubuhi hospitali ya Homa Bay ilikuwa inaita vituo kimoja kimoja, na mhudumu anaeleza nani amelalaje. Aliyekaa kwenye redio huko hospitalini alikuwa mume wangu. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo: anachaji betri, anaita vituo, anachukua maneno anampelekea daktari wodini, anarudi na jibu. Daktari alikuwa mtu wa mbali, hajui Kijaluo, kwa hiyo yote yalisemwa kwa Kiswahili, na kila kituo kilichongoja zamu kilisikia, mpaka Mbita kule ziwani.

Sitasema uongo, redio ilisaidia. Kulikuwa na mzee kipofu aliyekuwa akianguka kila akisimama. Daktari akauliza anameza nini, akaambiwa, akasema punguzeni ile ya presha. Haikuisha wiki, mzee anagombana na watu kuhusu sukari ya chai. Hakupanda pikapu. Hakumeza vumbi. Hilo nililiona kwa macho yangu, na asiyetaka kuamini asiamini.

Sasa nije kwa mama.

Nilifika asubuhi moja nikiwa na omena, wale dagaa wa ziwani, na mayai kwenye kikapu. Mlangoni tu pua yangu ikakataa kuingia. Nimezaa, nimeosha maiti, nimepasua samaki waliolala. Harufu hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa tamu, nzito, inakaa kwenye ulimi. Inzi walijua pa kwenda kuliko mimi. Nikawafuata.

Mama alikuwa amelala chali, mguu wake wa kulia uko juu ya mito miwili, umefungwa bendeji safi nyeupe kutoka kwenye vidole hadi gotini. Nikadhani amevunjika. Nikafungua ile bendeji. Mama akageuzia uso ukutani. Mguu ulikuwa mzima. Hata mchubuko haukuwepo! Ngozi inang'aa, umepakwa mafuta vizuri kama mguu wa bibi harusi. Na ile harufu haikutoka huko.

Niliinua shuka. Nitasema nilichokiona, maana kunyamaza ndiko kulikomfikisha hapo. Juu kidogo ya mfereji wa matako, pale mfupa unapokaa, palikuwa pameoza. Shimo lenye ukingo mweusi, na shuka limeshikana na nyama.

Nilimshika mhudumu mkono, nikamtoa nje.

"Hii ni nini?"

"Dada, pole. Kilianza kidogo tu alipolala na malaria."

"Sikuulizi kilianzaje. Mguu una nini?"

Akatazama chini. "Hauna kitu."

"Na bendeji?"

"Daktari alisema tufunge."

Nikamtoa maneno kidogo kidogo, kama kutoa miiba. Kidonda kilipoanza, alienda kwenye redio akasema mama ana kidonda. Mume wangu akauliza, "Wapi? Ova." Mama, kitandani kwake, akamkazia macho kupitia mlango ulio wazi. Mhudumu akasema, "Mguuni."

"Dada, ningesemaje? Anayeshika redio ni mkwe wake. Tena yeye mwenyewe ndiye atakayemtamkia daktari, kwa mdomo wake. Nimwambie mkwe atamke matako ya mama yake?"

Basi daktari akasikia mguu, akatibu mguu. Akaagiza alale chali, mguu uinuliwe, asiinuke mpaka aambiwe. Nao, watu watiifu, wakamlaza chali juu ya kidonda chake siku baada ya siku, wakaupakata mguu mzima kama mtoto mchanga. Kila asubuhi mume wangu anauliza mguu unaendeleaje, na mhudumu anajibu unaendelea vizuri. Hapo alisema kweli. Mguu ulikuwa unaendelea vizuri sana.

"Na mlifunga bendeji ya nini, kama mnajua ni uongo?"

"Wageni wa kanisa wakija, wangeuliza."

Nilitema mate.

Nikarudi ndani. Mama akanishika gauni. "Nyathina," akasema, mwanangu, "usinivue nguo mbele ya mkwe wangu. Kama nimeoza, nimeoza. Nizike kesho, lakini usiseme."

"Sitakuzika kwa ajili ya haya."

"Wewe ulizaliwa na mdomo mchafu."

"Ndiyo. Nao huo ndio utakaokuosha."

Redio ilikuwa kwenye chumba kidogo kando ya jiko, mlango wazi, na mama aliweza kusikia kila kitu. Zamu yetu ikafika. Sauti ya mume wangu ikatoka, ile sauti yake ya kazini, nzito, kama anahubiri.

"Nyumba ya wazee, mnanisikia? Mguu wa mama unaendeleaje? Ova."

Nikamnyang'anya mhudumu kile cha kuongelea. "Baba watoto, ni mimi. Toka hapo, umwite daktari aje mwenyewe. Ova."

Akajibu: "Mama watoto? Daktari yuko wodini. Sema, nitampelekea. Ova."

"Hutaki kuyapeleka haya."

"Watu wanangoja zamu. Sema. Ova."

Basi nikasema. "Mama hana kidonda cha mguu. Hajawahi kuwa nacho. Kidonda kiko matakoni, juu ya mfupa, kimeoza na kinanuka mpaka barabarani. Ova."

Redio ikakoroma. Mahali fulani mtu akacheka, akakatiza. Kisha sauti ya mwanamume, nadhani wa Mbita, ikaingia pasipo kuitwa. "Mama wa Ndhiwa, hii redio inasikilizwa na watu wazima. Tumia lugha ya heshima. Ova."

"Njoo uinuse hiyo heshima yako. Ova."

Mume wangu nilimjua. Nilijua amefunga macho. Mwishowe akasema taratibu, "Nimesikia. Ngojeni. Ova." Na baada ya muda aliyekuja kwenye redio hakuwa yeye, alikuwa daktari, anahema kama aliyekimbia. Sikuuliza mume wangu alimwambiaje. Mpaka leo sijauliza.

"Nani aliniambia ni mguu?" Mhudumu akarudi nyuma hadi jikoni. "Haya. Mama, wewe ndiye utakuwa macho yangu. Nenda ukaangalie, urudi uniambie. Usinipambie. Ukubwa?"

"Kiganja changu kinakifunika. Kwa shida."

"Mfupa unaonekana?"

Nikaenda, nikainama, nikaangalia. Nikarudi redioni. "Hauonekani. Katikati usaha, pembeni nyama nyeusi."

"Ana homa? Anaongea mambo yasiyoeleweka?"

"Hana homa. Anaongea vizuri kabisa. Ananitukana."

"Vizuri. Mfupa ukionekana, au akipata homa, mtamleta siku hiyohiyo, mvua au jua. Sasa hivi barabara itamuua kabla ya kidonda." Akaendelea polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kupika. Chemsha maji, tia chumvi, yapoe, osha. Asilale chali tena, hata kwa dakika ya kusali. Ubavu huu, kisha ubavu ule, usiku na mchana, na mito ile miwili ihamie mgongoni na katikati ya magoti. Mayai, omena, maharagwe, ale. Dawa ataituma na gari la kesho. "Na kila asubuhi nataka kusikia habari za kidonda. Sitaki kusikia habari za mguu. Ova."

Nilihamia pale. Niliosha kile kitu kila siku, na sitajifanya kwamba niliosha kwa upendo. Niliosha nikiwa nimekunja uso, nikiwachukia wote: kaka zangu na pumu zao, mhudumu na bendeji yake nyeupe, wakubwa wa kanisa waliopita kati ya vitanda wakipiga picha na kusifu usafi, na mama mwenyewe aliyetaka kufa mwenye adabu. Nyama nyeusi ilikuwa inatoka vipande vipande. Asubuhi naeleza redioni: leo usaha umepungua, leo kuna wekundu, leo panatoka damu kidogo. Daktari anasema damu ni nzuri, endelea. Watu wa vituo vingine wakanizoea. Yule wa Mbita siku moja aliomba kuuliza lile la chumvi, kwa sababu shangazi yake alikuwa na kidonda kama hicho. Sikumkumbusha ile lugha ya heshima. Nilitamani lakini.

Mama hakunisemesha. Alinipa mgongo na kutazama ukuta. Sikujali, maana ulikuwa ndio ubavu aliotaka daktari.

Kaka yangu mkubwa alifika na ndizi, kitambaa puani, akasimama mlangoni.

"Kumbe hapa si pabaya," akasema.

"Ingia umgeuze."

Akatazama saa yake.

Mwisho wa mwezi mume wangu alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wa michongoma, kofia mkononi, akampa mhudumu shuka jipya lililokunjwa. Hakuna mzee wa ukoo aliyemtuma; hiyo ilikuwa radhi yake mwenyewe. Mhudumu akaliingiza ndani.

"Mkwe wako amesema ujifunike, mama."

Mama akanyoosha mkono nje ya blanketi, akapapasa kile kitambaa kati ya vidole, kama anavyopapasa mtu aliyewahi kuuza nguo. "Nifunikeni," akasema. Tukamfunika mpaka shingoni. Usiku huo aliniomba maji, na nikajua amenisamehe, au amechoka.

Kidonda kilifunga. Kilichelewa, lakini kilifunga, kikaacha ngozi nyembamba ya waridi, na hakupanda pikapu. Siku daktari aliposema inatosha, mama aliomba apelekwe kwenye redio. Tulimbeba na kiti. Akavuta kitambaa kichwani, kana kwamba mkwe yuko pale mbele yake, akanyoosha mkono apewe cha kuongelea.

"Nyumba ya wazee, mnanisikia? Ova," ikasema sauti ya mume wangu.

Mama akakohoa, akabonyeza. Kiswahili chake kilikuwa cha soko, lakini alikitamka kwa fahari.

"Mwambie daktari nashukuru. Mwambie mguu wangu umepona."

Safari hii hakuna kituo kilichoingilia. Hata Mbita. Kisha mume wangu akajibu, pole pole, bila kucheka:

"Mungu ashukuriwe kwa huo mguu, mama. Ova."

Nilitoka nje nikatema mate nyuma ya jiko. Kisha nikarudi, tukambeba hadi kitandani, nikamgeuza ubavu.